Jesse alikuwa na miaka 18 tu

Wasee, mimi si daktari, hata chuo niliachia njiani. Lakini hii historia kila mzazi anafaa kuijua.

Ni Septemba 1999, mji wa Philadelphia, Marekani. Kijana anaitwa Jesse Gelsinger anaingia hospitali na miguu yake mwenyewe. Alizaliwa na ugonjwa nadra wa ini, OTC. Ukila protini mwili hutengeneza amonia, na ini lake halikuweza kuiondoa vizuri. Watoto wenye aina kali hufa wakiwa wachanga. Jesse alikuwa na aina nafuu, anaishi kwa tembe na kuchunga chakula.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikuwa wanajaribu tiba ya jeni. Mbona wasianze na watoto wachanga wenyewe? Walishauriwa kwamba mzazi ambaye mtoto wake anakufa atasaini chochote. Hoja ya maana kabisa. Basi wakatafuta watu wazima. Jesse alikuwa ametimiza 18 Juni mwaka huo huo. Alijua jaribio halitamponya. Alijitolea kwa ajili ya hao watoto.

Alidungwa tarehe 13. Tarehe 17 akafa.

Sasa skiza. Wakaguzi wa FDA, shirika la serikali linalosimamia dawa, walipofungua mafaili walipata kwamba kuna wagonjwa kabla yake walioumia ini kiasi cha kusimamisha jaribio, na taarifa haikupelekwa inavyotakiwa. Amonia ya Jesse mwenyewe ilikuwa imepita kiwango kilichoruhusiwa. Fomu aliyosaini haikutaja tumbili waliokufa kwa tiba kama hiyo. Na mtafiti mkuu alikuwa na hisa kwa kampuni iliyohusika.

Yaani sheria zilikuwepo. Breki ilikuwepo. Hakuna aliyeikanyaga.

Machi 2000 serikali ikaagiza wanaofadhili majaribio ya jeni waonyeshe mpango wao wa ufuatiliaji. Mwaka 2005 chuo kikalipa serikali zaidi ya dola 500,000, bila kukubali kosa.

Usinielewe vibaya, sisemi tukatae majaribio. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto hapa kwetu pia, Kilifi na Siaya, na leo inaokoa maisha. Kwa magonjwa nadra ndio kabisa: wagonjwa ni wachache, bila kujitolea hakuna dawa.

Lakini fomu ni mwanzo tu. Siku ukiletewa ya mtoto wako, uliza: nani anasoma matokeo kila wiki na hana hisa hapa? Kuna mtu ameumia tayari? Nani ana nguvu ya kusema "simama"?

Wakikosa jibu, weka kalamu chini. Jesse hakupewa hiyo nafasi.