Antiasidi

Antiasidi ni dawa inayopunguza ukali wa asidi ya tumboni na kutuliza kiungulia. Huwa na chumvi za magnesiamu, aluminiamu, kalisi au sodiamu, ambazo huizima asidi ndani ya dakika chache bila kuzuia nyingine isitengenezwe. Huuzwa bila cheti cha daktari katika kemisti, zikiwemo za Lodwar na za Kakuma huko Turkana, Kenya. Kidonge cha kutafuna husagwa kabisa kwa meno kabla ya kumezwa. Dawa ya maji hutikiswa kwanza. Magnesiamu huweza kuleta kuhara, jambo la kuangaliwa zaidi katika joto la Turkana, ambako mwili hupoteza maji upesi. Aluminiamu hufunga choo. Yenye sodiamu haiwafai wenye shinikizo la damu.

Linalosahaulika sana ni kwamba antiasidi hunasa dawa nyingine tumboni. Doksisaiklini, inayotibu bruselosi, maradhi ambayo wafugaji huyapata pia kwa maziwa mabichi, hutenganishwa nayo kwa saa 2 hadi 3. Dolutegravir ya virusi vya ukimwi humezwa saa 2 kabla ya antiasidi yenye magnesiamu au aluminiamu, au saa 6 baadaye. Kwa mwenye kiungulia, choo cheusi kama lami au matapishi yenye damu ni dalili za kwenda hospitali mara moja.