Bei ya Chatu wa Kifalme

Nyoka wawili wa jamii moja, walioanguliwa siku moja katika mtago mmoja wa mayai, waweza kuwekwa mezani mbele ya mnunuzi nchini Marekani, mmoja akauzwa kwa makumi ya dola na mwenziwe kwa maelfu. Wote wawili hula panya, wote hujiviringa wanapoogopa, na hapana aliye rahisi kufugwa kuliko mwingine. Tofauti ionekanayo ni rangi tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtu asiyeijua biashara hii huenda akatosheka na jibu hilo. Lakini ikiwa uzuri ndio uuzwao, mbona chatu mweupe aliyeuzwa kwa maelfu ya dola katika miaka ya 1990 leo hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya fedha hizo, hali weupe wake haukupungua hata kidogo? Historia ya ufugaji huu yatoa jibu jingine: mnunuzi hanunui rangi peke yake, hununua uwezo wa kuizalisha, na uwezo huo, kila unapouzwa, huongezeka, na kwa kuongezeka hujipunguzia thamani.

Mnyama mwenyewe ni chatu mdogo ambaye wataalamu humwita Python regius, yaani chatu wa kifalme. Makao yake ya asili huanza Senegali, yakapita nchi za Afrika ya Magharibi na ya Kati, yakafika hadi Uganda. Aghalabu urefu wake hauzidi mita moja na nusu, hana sumu, na silaha yake kuu ni kuficha kichwa ndani ya mzingo wa mwili wake hata akawa kama mpira. Zamani sana kabla ya mfugaji wa Marekani kumwekea bei, chatu huyu alikuwa na heshima isiyopimwa kwa fedha. Mholanzi Willem Bosman, ambaye kitabu chake juu ya pwani ya Guinea kilitoka mwaka 1704, alieleza jinsi watu wa Ouidah walivyomtukuza nyoka, na jinsi kumwua kulivyohesabiwa kuwa kosa kubwa. Hekalu la chatu lingali liko katika mji huo, katika nchi ya Benin, likielekeana na kanisa kubwa la Wakatoliki. Huko chatu akiingia nyumbani mwa mtu hapigwi. Hupokewa kama mgeni.

Nchi hiyo hiyo ya Benin, pamoja na jirani zake Togo na Ghana, ndiyo iliyokuwa chemchemi ya biashara. Wawindaji huwatafuta chatu majike wenye mayai katika mashimo ya ardhini, mayai hutagwa na kuanguliwa katika mabanda ya wafanya biashara, kisha makinda husafirishwa ng'ambo. Chatu zaidi ya milioni wametoka Afrika ya Magharibi kwa njia hii na kwa njia ya kukamatwa porini. Kwa kuwa walikuwa wengi, walikuwa rahisi. Na mpaka mwisho wa miaka ya 1980 chatu wa kifalme alikuwa nyoka wa bei ya chini madukani, anunuliwaye na mtu asiyeweza kumnunua mwingine.

Hali ilibadilishwa na wale wachache waliozaliwa na kasoro ya rangi. Mara moja moja mwindaji alimpata chatu asiye na weusi wowote, au mwenye mabaka meupe yasiyo na nakshi. Porini nyoka wa namna hiyo huonekana upesi na adui zake, na maisha yake yamkini huwa mafupi; sokoni alikuwa na thamani ya ajabu. Lakini mnunuzi wa kwanza wa chatu kama huyo alikuwa akicheza bahati nasibu, maana hakujua kama rangi ile itarithiwa au itakufa pamoja na mwenyewe. Mwaka 1992 Bob Clark, mfugaji wa Oklahoma, alifaulu kuzalisha chatu wa kifalme albino. Makinda yale, meupe yenye michoro ya manjano na macho mekundu, yaliuzwa kwa maelfu ya dola kila moja. Miaka mitano baadaye, mwaka 1997, chatu wa mabaka meupe naye alithibitika kuwa rangi yake hurithiwa.

Kanuni iliyotawala mambo hayo ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu mwaka 1866 na mtawa Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya nyumba ya watawa huko Brno. Jeni ya albino ni ya kujificha. Chatu albino akipandishwa na chatu wa kawaida, makinda yote huwa na rangi ya kawaida, lakini kila moja huchukua jeni hiyo moja kwa siri. Wachukuzi wawili wakipandishwa, kwa wastani kinda moja katika manne huwa albino. Chatu jike hutaga mayai machache, mara nyingi sita au karibu na hayo, na huchukua kama miaka mitatu kabla ya kufaa kuzaa. Kwa hiyo mfugaji aliyeanza na albino mmoja alingoja miaka, akalisha nyoka wengi wa rangi ya kawaida, na hata mwisho wa kungoja kwake, mtago wa mayai sita wa wachukuzi wawili waweza kukosa albino kabisa mara 18 hivi katika 100. Ndiyo maana bei ya mwanzo ilikuwa kubwa: ndani yake mlikuwamo miaka, chakula, na hasara za mitago iliyotoka mitupu.

Hapo palizaliwa bidhaa ngeni, nayo ni chatu ambaye thamani yake haionekani kwa macho. Mchukuzi wa jeni hafanani na albino. Amefanana kabisa na nyoka wa makumi ya dola. Hata hivyo huuzwa ghali kuliko huyo, kwa sababu ya kile kilichofichika ndani yake. Zaidi ya hayo, wachukuzi wawili wanapozaa, makinda yenye rangi ya kawaida hayalingani: mawili katika matatu huwa wachukuzi, na la tatu si chochote. Kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuyatenga, yaliuzwa yote kwa bei ya katikati, kama wachukuzi wa asilimia 66. Mnunuzi alinunua uwezekano, na dhamana yake ilikuwa neno la muuzaji na kumbukumbu zake za uzazi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na katika soko hili methali hiyo ilikuwa sheria: nyoka yule yule, akipoteza kumbukumbu za wazazi wake, alirudi kuwa nyoka wa kawaida.

Si jeni zote zinazojificha. Nyingine hujionyesha katika uzao wa kwanza, nusu ya makinda yakapata rangi mpya hata kama mzazi mmoja ni wa kawaida. Mtu angedhani kwamba rangi rahisi kupatikana namna hii ingewatajirisha wafugaji zaidi. Iliwatajirisha wa mwanzo tu. Dume mmoja aweza kupandisha majike kadhaa katika msimu mmoja, na makinda madume huweza kuzaa yakiwa na umri wa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Aliyemwuza dume wa namna hiyo alikuwa amemwuzia mshindani wake kiwanda kizima. Kwa sababu hiyo jeni ionekanayo upesi hushuka bei upesi, na jeni ya kujificha hushuka polepole. Hata tofauti ya dume na jike yaeleweka hapa: jeni ikiwa mpya, dume hutafutwa kwa kuwa hueneza mbegu kwa wengi, ikisha kuenea, jike hupanda, kwa kuwa mayai yake ni machache na kukua kwake ni kwa kungojewa.

Wafugaji walipoona bei zinawaponyoka, walikimbilia mchanganyiko. Jeni moja ikiwa imekuwa rahisi, mbili katika mwili mmoja zilikuwa bado adimu. Wachukuzi wa jeni mbili za kujificha wakipandishwa, kinda moja tu katika 16 hudhihirisha zote mbili. Kwa jeni tatu, ni moja katika 64. Mtago wa mayai sita wa wazazi wa jeni mbili huenda mtupu mara 68 hivi katika 100. Basi hesabu ile ile ya Mendel ikawa ngazi ya bei, na kila kipandio kikamgharimu mfugaji kizazi kizima cha nyoka.

Lakini bei haikuuliza daima juu ya afya ya mnyama. Mwaka 1999 aliingizwa Marekani chatu mwenye michoro myembamba kama utando, akapewa jina la Buibui. Rangi yake ilirithiwa kwa urahisi, ikachanganywa na nyingine nyingi. Pamoja na rangi ulirithiwa ugonjwa: chatu hawa hutikisa kichwa, hukosa shabaha wanaporukia chakula, na wengine hupinduka chali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa sehemu za sikio la ndani zinazoshika mizani ya mwili zimeumbika vibaya. Kasoro hiyo ilijulikana kwa wafugaji miaka mingi kabla ya uchunguzi huo, na biashara iliendelea. Hapa yaonekana upungufu wa soko: lilijua kupima uhaba, lakini taabu ya mnyama halikuiandika katika bei mpaka wanunuzi wenyewe walipoanza kuikataa.

Katika miaka hii ya karibuni siri ya wachukuzi nayo imeanza kufunuliwa. Wataalamu wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada wamezitambua jeni za albino na za mabaka meupe, na leo gamba alilojivua nyoka latosha kupimwa maabarani na kusema kama yeye ni mchukuzi au siye. Wale wa asilimia 66 wanaweza kutengwa: wengine wakapanda bei, wengine wakashuka. Neno la muuzaji limepata shahidi.

Swali la haki limebaki. Jeni nyingi za mwanzo zilitoka katika mashimo ya Ghana, Togo na Benin. Mwindaji aliyemchimbua chatu wa ajabu alilipwa mara moja, kwa nyoka mmoja. Faida ya uzao wake ilivunwa ng'ambo, mwaka baada ya mwaka, bila kumrudia. Na sasa ambapo mabanda ya Marekani na Ulaya yamejaa rangi za kila namna, chatu wa kawaida wa porini, aliye shina la hizo zote, ndiye mwenye bei ndogo kuliko wote, ijapokuwa mwaka 2021 aliwekwa katika orodha ya wanyama wanaokaribia hatari ya kutoweka. Soko huthamini kilicho adimu leo. Chatu wa porini ameonekana rahisi kwa kuwa alikuwa mwingi. Atakapokuwa adimu, hapana mfugaji atakayeweza kumrudisha kwa kupandisha albino wawili.