Dodoma: Mji wa Njia na Maji

Jina la Dodoma linahusishwa na neno la Kigogo idodomya, lenye maana ya mahali palipozama, na masimulizi yanayojulikana zaidi Ugogo, yaani nchi ya Wagogo katika uwanda wa kati wa Tanzania, husema kwamba tembo aliyeshuka kijitoni kunywa maji alizama topeni asiweze kujinasua. Uzito wa masimulizi hayo umo katika kutaja maji, ambayo katika nchi yenye msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka ndiyo yaliyoamua nani apite, nani akae na kwa masharti ya nani.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka kwanza Marenga Mkali, nyika kame iliyoitwa hivyo kwa maji yake ya chumvi, ndipo ikafika kwenye visima vya Wagogo. Kwa kuwa Ugogo haukuwa na mfalme mmoja, kila mtemi, yaani mtawala wa eneo dogo, alitoza hongo, neno ambalo wakati huo halikumaanisha rushwa bali ushuru wa njia uliolipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya, na wavumbuzi wa Kizungu, Burton na Speke mwaka 1857, kisha Stanley mwaka 1871, waliulipa kama wasafiri wengine.

Utawala wa Kijerumani uliwanyang'anya watemi njia hiyo, na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilipofika mwaka 1910 ikaifanya Dodoma mji wa stesheni. Lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua ilipokosekana ikafuata njaa kubwa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, ambayo iliua na kutawanya watu wengi.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuhamishia hapo makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Hata hivyo jiji hilo limeendelea kutegemea visima vya Makutupora, upande wa kaskazini, hivyo swali lililowapa watemi nguvu, la kisima kinatosha watu wangapi, sasa limewafikia wapangaji wa miji.