Mvuke wa petroli katika magari mseto ya kuchaji

Gari mseto la kuchaji lina betri inayojazwa umeme kwa waya, pamoja na injini ya petroli. Moshi wake hupimwa kwenye ekzosi, lakini petroli haingoji injini iwashwe: jua likipanda hutoa mvuke tangini, na mvuke huo ukitoroka huchangia ozoni ya karibu na ardhi. Ndiyo maana wataalamu huukadiria kwa modeli za hesabu.

Mlinzi dhidi ya mvuke huo ni kopo la mkaa amilifu, binamu msomi wa mkaa wa magunia ambao Kilosa inajulikana nao. Gari likiegeshwa, mkaa hunasa mvuke. Injini ikiwaka, huvuta hewa kupitia kopo na kuchoma kilichonaswa. Kwa gari mseto hapo ndipo pana kasheshe. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya humaliza chaji mapema, hivyo akikatiza kilomita 50 za Hifadhi ya Mikumi injini inafanya kazi na kopo linasafishwa. Gari hilohilo likikaa Kilosa mjini, likichajiwa usiku na mchana likiishia sokoni na stesheni, injini yaweza kulala wiki nzima. Mkaa ukijaa, mvuke hupita.

Modeli inayohesabu kilomita peke yake itapotoka. Inapaswa kujua injini iliwaka lini na kwa muda gani. Mvuke wenyewe hukokotolewa kwa mlinganyo wa Wade na Reddy, uliomo pia katika MOVES, programu ya serikali ya Marekani iliyoanza kutumika rasmi 2010. Joto humo limekaa kwenye kipeo: siku ya nyuzi 20 hadi 32 ikigeuka ya 24 hadi 36, mvuke huongezeka kwa takriban theluthi moja. Nafasi tupu tangini nayo huuzidisha, kwa hiyo ile desturi ya kuweka mafuta ya elfu kumi kumi sheli haisaidii.

Chevrolet Volt, gari mseto la kuchaji lililoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2010, lilipewa tangi la chuma lililozibwa. Dereva hubonyeza kitufe, husubiri shinikizo lishuke, ndipo hufungua kifuniko. Injini isipotumika kwa takriban wiki sita, gari huiwasha lenyewe. Katika modeli, gari la aina hii huhesabiwa peke yake: mvuke wa kuegesha hupungua sana, hubaki ule unaopenya kwenye mipira na ule wa wakati wa kujaza mafuta.