Ngazi za Boma: Habari ya Majengo ya Serikali katika Shinyanga na Geita

Neno boma lilikuwa na maana ya ukuta wa kujikinga kabla ya kuwa jina la ofisi ya serikali. Wakati wa utawala wa Wajerumani maana hizo mbili zilikutana. Boma la Biharamulo, ambalo lingali limesimama, lilijengwa mahali pa juu kwa kuta nene, mfano wa ngome. Aliyelijenga alimfikiri adui atakayekuja na silaha. Hakumfikiri mtu atakayekuja kwa magongo. Waingereza walifuata, na Uhuru ukapatikana mwaka 1961. Lakini desturi ya kumpandisha raia ngazi kabla hajasema haja yake ilidumu katika majengo mengi.

Nchi ya Shinyanga na Geita ina sababu kubwa ya kulitazama jambo hili. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Wako pia wachimbaji wadogo wengi, ambao mashimo yao huporomoka mara kwa mara. Anayenusurika pengine hutoka hana mguu, au uti wa mgongo umevunjika. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, ni wa mtu mwenye mwajiri. Asiye na mwajiri kimbilio lake ni ofisi ya kata au ya wilaya. Na ikiwa mlangoni pana ngazi tupu, hana budi kubebwa mgongoni mbele ya watu, au kumtuma mwingine aseme siri zake.

Tena kuna watu wenye ualbino, ambao waliuawa kwa ushirikina katika nchi hii, hata shule ya Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu watu watatu kwa kumwua mtoto wa Bukombe. Ndiyo hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Basi jengo la serikali ni mahali ambapo damu ya mnyonge hudaiwa. Lakini wengi wenye ualbino huona kwa shida, na jua huwadhuru ngozi. Njia ya mteremko haiwatoshi. Wahitaji maandishi makubwa mlangoni na kivuli penye foleni. Kiziwi naye ahitaji mkalimani wa lugha ya alama, kwani mlango mpana haumwezeshi kusikia.

Sheria ilikuja polepole. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu, na mwaka 1982 Tanzania ilitunga sheria mbili, moja ya ajira na moja ya matunzo. Mwaka 2009 iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki zao, na Sheria ya mwaka 2010 ikaziondoa zile za kwanza. Tazama mabadiliko ya fikira: hapo kwanza mtu alitunzwa, sasa ana haki ya kuufikia mlango mwenyewe.

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Ulizaliwa baada ya sheria hiyo, kwa hiyo ofisi zake mpya haziwezi kujitetea kwa ukale kama Biharamulo.

Wako wasemao kwamba gharama ni kubwa na wahitaji ni wachache. Utafiti wa taifa wa mwaka 2008 ulikuta watu 7.8 katika kila 100, wenye umri wa miaka 7 na zaidi, wana ulemavu. Na mteremko wa kupanda kipimo kimoja kwa urefu wa vipimo kumi na viwili ni rahisi kuuchora kabla ya msingi kuchimbwa, ila ni ghali kuuongeza baada ya ukuta kusimama. Kwa hiyo yafaa, kabla ya jengo kupokewa kwa mkandarasi, mwenye kiti cha magurudumu, kipofu na kiziwi waingie wenyewe, wafike dirishani, waende chooni na kutoka. Wakishindwa, jengo halijakwisha.