Bisie na Soko la London: Bei Moja, Nyuso Mbili

Anayeingia katika kazi ya fedha kwa mara ya kwanza hufundishwa mambo matatu kabla ya mengine yote: bei huundwa wapi, ahadi ya kesho huuzwaje leo, na bei ikibadilika hasara humwangukia nani. Mifano ya mafunzo hayo kwa kawaida hutoka Ulaya na Marekani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo yanaweza kusomwa pia katika historia ya mlima wa Bisie, huko Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Kwanza, hapana budi kuanzia London. Soko la Metali la London, linalofahamika kwa herufi LME, lilianzishwa mwaka 1877, shaba na bati zikiwa bidhaa zake za awali. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869, bati la Malaya liliweza kufika London kwa muda wa miezi mitatu hivi. Mwenye shehena baharini alichelea bei isije ikashuka kabla ya meli kutia nanga. Kwa hiyo aliiuza mapema kwa bei ya siku ile, mali ikabidhiwe baada ya miezi mitatu. Hatari ikahama kutoka kwake hadi kwa mwingine aliyekubali kuibeba kwa tamaa ya faida. Huo ndio msingi wa mikataba ya baadaye, na miezi mitatu ingali kipimo mashuhuri cha bei ya bati.

Kivu ilionja nguvu ya soko hilo kabla Bisie haijajulikana. Tarehe 24 Oktoba 1985, Baraza la Kimataifa la Bati, lililokuwa likinunua bati ili kuzuia bei isishuke, liliishiwa na fedha. Biashara ya bati katika LME ikasimamishwa hadi mwaka 1989, na bei ikaporomoka hadi karibu nusu. Kampuni ya Sominki, iliyoundwa mwaka 1976 na kuchimba bati Kivu na Maniema, haikustahimili pigo hilo. Kazi ikabaki zaidi mikononi mwa wachimbaji wadogo.

Kasiteriti, yaani mawe yenye bati, iligunduliwa Bisie karibu na mwaka 2002. Wachukuzi waliibeba mgongoni kupitia msituni hadi Njingala, safari ya siku mbili hivi. Kutoka huko ilipelekwa Kilambo, ambako kipande cha barabara ya lami kilitumika kama uwanja wa ndege, kisha ikarushwa hadi Goma. Nyumba za kununulia madini za Goma, yaani komptwari, ziliwakopesha wafanyabiashara wa kati. Nao wakawakopesha wenye mashimo, walioitwa PDG. Nao wakawakopesha wachimbaji. Deni lilishuka mlimani ngazi kwa ngazi, na mawe yakapanda njia hiyo hiyo kulilipa. Aidha, askari walioshika eneo hilo walitoza ushuru wao njiani.

Hapa hesabu ndogo ya kubuni yafaa. Tuseme mzigo wa kilo 50 una bati asilimia 60, yaani kilo 30. Bei ya London ikiwa dola 20,000 kwa tani, thamani yake ni dola 600. Gharama na tozo zote kutoka shimoni hadi kwenye tanuri la kuyeyushia zikiwa dola 400, shimoni hubaki dola 200. Bei ikishuka kwa asilimia 10, thamani huwa dola 540. Lakini mchukuzi, ndege na askari hawapunguzi chao. Shimoni hubaki dola 140. Anguko la asilimia 10 London limekuwa anguko la asilimia 30 Bisie. Mwenye meli wa karne ya 19 aliweza kuiuza hatari yake. Mchimbaji hakuwa na wa kumuuzia.

Tena, bei yaweza kupanda isimfikie anayechimba. Mnamo Septemba 2010 serikali ilipiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema; marufuku ikaondolewa Machi 2011. Mwezi uliofuata bei ya London ilipita dola 30,000 kwa tani. Lakini kuanzia tarehe 1 Aprili 2011, viwanda vingi vya kuyeyushia viliacha kununua madini ya mashariki ya Kongo yasiyo na uthibitisho wa asili yake, hasa baada ya sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu madini ya vita. London bei ilikuwa juu. Walikale wanunuzi walikuwa wametoweka.

Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin, yenye hisa zinazouzwa Kanada na Afrika Kusini, ilianza uzalishaji wa kiwanda hapo Bisie. Mgodi huo ukawa chanzo cha takriban asilimia 6 ya bati la dunia. Uliposimamishwa tarehe 13 Machi 2025 kwa sababu ya kusonga mbele kwa waasi wa M23, bei ilipanda London. Kazi ikarejea kwa hatua kuanzia Aprili. Mlima uliokuwa ukipokea bei sasa waweza kuitikisa.

Ni dhahiri, basi, kwamba Kiswahili hakikosi maneno ya soko: bei, dalali, deni, rehani na dhamana ni maneno ya zamani. Kilichokosekana Bisie ni chombo cha kumkinga mwenye kuchimba. Mwanafunzi wa fedha wa Goma au Bukavu akianzia hapo, atajua tangu siku ya kwanza swali la kuuliza mbele ya kila mkataba: hatari imehama kwa nani, naye amelipwa nini kwa kuibeba?