Usalama wa taarifa katika Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Usalama wa taarifa ni kanuni, vifaa na desturi ambazo taasisi hutumia kulinda kumbukumbu zake zisivuje, zisipotoshwe wala kukosekana zinapohitajika. Kwa kawaida hugawanywa katika nguzo tatu: usiri, usahihi na upatikanaji. Mijadala mingi huanza na wadukuzi wanaoiba siri. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ukiwemo mji wa Rhamu ulio kando ya Mto Daua mpakani na Ethiopia, madhara makubwa yametokana pia na rekodi zisizo sahihi na mifumo isiyofikika.

Upatikanaji

Mkazi wa Rhamu hutegemea simu kulipa karo, kupokea fedha za jamaa walio mbali na kuomba huduma za serikali. Tangu 2023 malipo ya huduma za serikali yameelekezwa kwenye mfumo wa eCitizen kupitia namba moja, 222222. Mwishoni mwa Julai mwaka huo, kundi lililojiita Anonymous Sudan liliumiminia mfumo huo maombi bandia hadi ukalemewa. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha shambulio hilo na kusema hakuna data iliyopotea. Hata hivyo, watu walikwama.

Kaskazini Mashariki ina hatari nyingine. Wapiganaji wa al-Shabaab wamelipua minara ya simu mara kwa mara katika kaunti hizi tatu. Mnara ukianguka, wakala wa M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, hana kazi, na ofisi inayotumia programu ya mtandaoni pekee nayo husimama. Kwa hiyo programu ya zahanati au shule ya huku yapaswa kuhifadhi kazi ndani ya kifaa, ikiwa imesimbwa kwa ufunguo, kisha kuituma mtandao unaporejea.

Usahihi: usajili maradufu

Kisa kizito zaidi kinahusu kambi za Dadaab, Garissa, zilizofunguliwa 1991. Nyakati za ukame, Wakenya wengi wa maeneo jirani walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula, matibabu na shule. Wengi wao walikuwa watoto walioandikishwa na wazazi. Alama za vidole vyao zilibaki kwenye kumbukumbu za wakimbizi.

Miaka ikapita. Kijana akitimiza miaka 18 huenda kuomba kitambulisho, huweka kidole kwenye kifaa, na jibu hutoka kwamba ni mkimbizi. Ombi huishia hapo. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti ya benki, na hukwama kwenye vizuizi vya polisi. Watetezi wa haki wamekadiria kuwa waathiriwa ni takriban 40,000. Mwaka 2021 shirika la Haki na Sheria, lenye makao Garissa, lilifikisha suala hilo mahakamani.

Hapa hapakuwa na mdukuzi. Mashine ililinganisha vidole sawasawa. Kilichokosewa ni maana iliyopewa matokeo. Data iliyokusanywa kugawa chakula ilifanywa ushahidi wa uraia, na aliyeumizwa hakuwa na njia nyepesi ya kuirekebisha.

Usiri

Uvujaji mwingi hauhitaji utaalamu. Daftari la wakala likiachwa wazi juu ya kaunta, likiwa na majina, namba za vitambulisho, namba za simu na viwango vya fedha, anayesubiri zamu hulisoma. Tapeli mwenye taarifa hizo hupiga simu akijifanya mhudumu wa kampuni, hutaja muamala wa kweli ili aaminike, kisha huomba namba ya siri. Ofisini, nywila moja ikitumiwa na wafanyakazi wote, aliyehamishwa huondoka nayo, na hakuna anayeweza kujua nani alibadilisha rekodi gani.

Sheria

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data itumike kwa lengo lililoelezwa wakati wa kuikusanya, na inampa mwenye data haki ya kuiona na kuisahihisha. Uvujaji wenye hatari halisi kwa mhusika huripotiwa kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma kwa sababu athari zake kwa data za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa utaratibu wa kuwapiga msasa zaidi wakazi wa kaskazini wanaoomba vitambulisho.

Wajibu wa watengenezaji programu

Usalama hujengwa tangu mchoro wa kwanza wa mfumo. Kila mtumiaji apewe akaunti yake, na zisikusanywe taarifa zisizo na kazi. Vidole vikilingana, matokeo yachukuliwe kuwa sababu ya kuuliza zaidi, na uamuzi ufanywe na afisa anayejulikana. Taasisi iseme nani atasahihisha kosa, kwa muda gani na katika ofisi ipi. Ofisi hiyo iwe pale ambapo mtu wa Rhamu anaweza kufika na kusikilizwa kwa lugha anayoielewa. Mfumo usio na njia hiyo si salama, hata kama hakuna aliyewahi kuudukua.